Hodi Tatu za Mama Mwantum

Bibi Anastazia binti Mughwai alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna dawa iliyouweza: alikuwa anaitikia kabla hajaitwa. Mbuzi akijikuna kwenye nguzo ya mlango, Bibi anasema karibu. Upepo ukitikisa bati la jirani, karibu. Na huo upepo wa Singida mnaujua wenyewe, haujui kupumzika, basi kutwa nzima mwanamke wa watu yuko pale anasuka kitunga chake na kukaribisha hewa. Watoto wa shule walimwita Bibi Karibu, tena mbele yake, halafu wanamalizia na shikamoo ili wasichapwe. Yeye alicheka nao. Wakubwa hawakuona cha kuchekesha. Mtu mwenye akili zake hapiki mlango ukiwa wazi, hasa mwaka wa njaa, lakini yeye tangu aolewe hakuwahi kupika amefunga. Marehemu mume wake alipenda kulalamika kwamba alitafuta mke akapewa bawabu.

Sasa nisikilizeni, maana habari hii watu wameisimulia ovyo ovyo mpaka inatia hasira.

Mwaka wa sabini na nne ilipokuja Operesheni Vijiji, watu wa vilima vyote vile walihamishwa wakakusanywa karibu na kisima cha Kwamwantum, nyumba zikapangwa kwa mistari. Bibi Anastazia aliangukia mstari wa mbele, hatua mia mbili kutoka kisimani. Wenzake walifurahi kwa niaba yake kwamba sasa maji yako karibu. Yeye hakufurahi hata kidogo, ila hakuna aliyemuuliza.

Kisima kile kilikuwa na desturi yake. Kando yake palikuwa na magofu ya tembe la zamani, kuta mbili za udongo zimebaki zinafika kiunoni. Ukienda kuchota, unasimama kwanza mbele ya magofu, unasema, "Hodi, Mwantum," unangoja kidogo, ndipo unatumbukiza kibuyu. Wageni walioletwa na Operesheni walicheka, wakachota bila hodi. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekuwa anacheka. Mmoja alisema maji yake yaligeuka tope nyumbani. Mwingine aliona mwanamke wa kaniki, saa sita ya mchana, jua la utosi, amempa mgongo, na mtoto amelaza kichwa nje ya mbeleko. Alipomsemesha hakugeuka. Mimi hapo sisemi kitu, mwenye macho ni yeye.

Mwaka uliofuata vijiji vikatakiwa kuandikishwa. Akaja ofisa kutoka wilayani na fomu zake, akauliza jina la kijiji, akajibiwa Kwamwantum. Akauliza huyo Mwantum ni nani. Jamani, watu wazima walitazamana kama wameulizwa hesabu! Mwenyekiti, mzee Urbano, alisema nadhani alikuwa mganga wa kike kutoka Unyanyembe. Mzee mwingine akasema ni jini la maji, hata babu yake alilijua. Mabishano yakawaka. Ofisa aliweka kalamu chini, akasema serikali haiandikishi majini. Akawapa wiki tatu wamletee mtu wa kweli aliyeishi hapo, na habari yake, na ndugu yake kama yupo. Vinginevyo ataandika Maendeleo. Wakati huo wilayani palikuwa na Maendeleo tatu tayari.

Bibi Anastazia alikuwa amekaa upande wa wanawake, kitunga mapajani. Alijua. Katika umati wote ule ni yeye peke yake aliyejua, na alikaa kimya mpaka mkutano ukavunjika. Alipofika nyumbani alishindwa kusuka. Jina likifutwa, Mwantum hana tena kitu duniani, maana kaburi lake halijulikani. Na kuliokoa jina ilikuwa lazima aseme Mwantum ni nani, na akisema hilo, ataulizwa alikwenda wapi.

Mwantum hakuwa mganga wala jini. Alikuwa mtoto wa miaka miwili, ana mwanya, anapenda kuvuta masikio ya anayembeba.

Baba yake aliitwa Mselemu. Huyo ndiye mtu wa kwanza kukaa pale. Baba wa pwani, mama Mnyamwezi. Alitokea Tabora enzi za Wajerumani akiuza chumvi na nguo, akinunua samli na ngozi. Akaona penye maji, akachimba, akajenga tembe, akaleta mke. Kabla yake palikuwa pa fisi tu. Mkewe alipozaa, watu wakamwita Mama Mwantum kama ilivyo kawaida, wakawa wanasema twende kwa Mama Mwantum tukanunue chumvi, na baadaye wakafupisha, nani ana muda? Jirani wa kwanza kumfuata Mselemu alikuwa Mughwai, Mnyaturu, aliyejenga kilimani hapo juu. Binti yake Mughwai, ambaye padri alikuwa bado hajambatiza Anastazia, alikuwa na miaka tisa, na kazi yake ilikuwa kumbeba Mwantum. Ujira wake ulikuwa chumvi ya kulamba kiganjani. Alimpenda yule mtoto mpaka mama yake mwenyewe akawa anamtania kwamba ameshazaa.

Halafu vita, ile ya Mjerumani na Mwingereza. Mselemu alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, hakurudi. Halafu mvua ikagoma, ng'ombe wakafa, watu wakafika mahali pa kuloweka ngozi za kulalia wapate kuzitafuna. Familia nyingine zilikuwa zinajifungia ndani kimya, na unapokuja kufungua unakuta wote wamekwisha. Mughwai akaondoka kwenda Iramba kutafuta chakula. Mkewe akabaki na binti, na kibaba kimoja cha uwele alichokificha hata mumewe asijue.

Siku hiyo ilikuwa mchana kweupe. Mama alifunga mlango, akawasha kuni kavu zisizo na moshi, akapika uji. Uji ulipokuwa tayari, akazima moto. Ndipo ikasikika hodi.

Sauti waliijua. Na nyuma ya sauti walisikia kikohozi cha Mwantum, kidogo, kikavu. Mama akaweka kidole mdomoni. Bibi Anastazia, alipokuja kusimulia, aliapa kwamba mama hakukusudia kumfukuza mtu. Alitaka kwanza aipue chungu akifunike kwa kitunga, kwa sababu huwezi kumkaribisha mgeni akatazama chungu usimpe, na kilichokuwamo hakikutosha watu wanne. Haya, na haraka ya nini? Kwao Wanyaturu jirani akija mlangoni anaita mpaka achoke, kisha anakaa chini nje anaongea na watu wa ndani kupitia ukutani hadi wamfungulie. Muda ulikuwepo. Hodi ya pili ikapigwa. Chungu kilikuwa cha moto, mama anapapasa kitambaa cha kukishikia. Hodi ya tatu ikaja kwa upole, ya mtu anayeona haya kusumbua. Kisha kimya.

Mama alipofungua, hapakuwa na mtu. Binti alikimbia hadi kwenye ua wa miiba, akamwona Mama Mwantum anashuka njiani, kaniki yake, na kichwa cha mtoto kimelala nje ya mbeleko. Hakuwa mbali. Angemwita angesikia. Binti alifungua mdomo, halafu akakumbuka kilichoko nyuma yake jikoni, akaufunga. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe alisema wazi baadaye: alifikiria uji. Alirudi ndani akanywa.

Mama Mwantum hakuonekana tena. Tembe lake lilikaa wazi, masika ya mwaka uliofuata yakabomoa paa. Mughwai alirudi na mtama, wakapona. Na mke wa Mughwai akawa kila anapokwenda kuchota anasimama penye tembe tupu, anasema, "Hodi, Mwantum," mara moja tu, na machozi yanamtoka. Wanawake waliohamia baada ya njaa, wakiwa nyuma yake, walidhani ni adabu ya mahali pale, wakaiga, watoto wakaiga mama zao. Hivyo ndivyo desturi ilivyoanza. Yule mama alikufa hajatamka neno kwa mtu yeyote.

Binti alikua, akabatizwa, akaolewa, akazaa wanne, akazika wawili. Miaka yote hiyo jambo moja lilimsumbua: kwa nini Mama Mwantum aliondoka upesi vile? Jibu alilipata akiwa mke wa mtu, amepeleka samli Singida mjini. Alikuwa ameketi uani kwa mteja wake, Mwislamu wa mjini, na mlango wa mbele ukapigwa hodi. Mwenye nyumba yuko kuoga, hakuitikia, mgeni akaondoka. Anastazia akashangaa. Mwenye nyumba akamweleza kwamba hodi ni tatu. Zikipita tatu hujaitikiwa, unageuka unakwenda zako, usimlazimishe mtu kwenye nyumba yake. Ndivyo wanavyofundishwa tangu utoto.

Anastazia aliacha samli pale pale, akasahau hata kuulizia vibuyu vyake. Kwa hiyo mama wa watu hakukasirika. Alikuwa na adabu tu! Kuanzia siku hiyo ndipo ugonjwa wa karibu ulipomshika. Na adhuhuri, watu wakilala vivulini, alikuwa anasikia nje ya mlango kikohozi kidogo, kikavu. Anatoka, hakuna mtu. Alikisikia kule kilimani miaka thelathini. Walipomhamishia kisimani alikisikia kila siku.

Basi kijijini kulikuwa na katibu, jina lake Melkiori, mtu wa miaka kama thelathini, mbishi kupita kiasi, na alishaapa hataandika Maendeleo kwenye mhuri wake. Alikwenda Singida mjini akazunguka maduka yote akiulizia wafanyabiashara wa zamani wa njia ile. Siku ya pili mzee Tajdin, ambaye baba yake alikuwa akinunua ngozi, akamwambia jina la Mselemu analikumbuka. Mkewe alifika mjini kwa miguu mwaka wa njaa, akaja akaolewa tena, amefariki miaka saba iliyopita. Binti yake yupo, Johari, anashona nguo za watoto karibu na soko.

Melkiori alirudi kijijini anang'aa. Nyumba ya kwanza yenye mlango wazi ilikuwa ya Bibi Anastazia, akaingia akamwaga habari zote kwa pumzi moja. Bibi alikuwa anapepeta unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Ungo ukamponyoka.

"Alifika?" akauliza.

"Alifika, Bibi. Akaishi mpaka juzi juzi."

"Na mtoto?"

Melkiori hakujua habari za mtoto, akauliza mtoto yupi. Fikiria: miaka hamsini na sita unaogopa mzimu wa mtu, kumbe yupo mjini, anakwenda sokoni, huenda mmepishana njiani ukipeleka samli. Angeweza kumwendea wakati wowote. Moyo ulimuuma mpaka akakaa chini kwenye unga. Kisha akasema kesho watakwenda wote kwa huyo Johari, na Melkiori asimwambie mtu.

Walidandia lori la pamba, na njiani Bibi akamdokeza tu kwamba mwaka wa njaa baba yake alikwenda Iramba kutafuta chakula. Johari alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, miwani imefungwa uzi, cherehani yake barazani. Melkiori alipiga hodi moja tu, wakakaribishwa. Johari alimwamkia Bibi shikamoo, akaingiza wageni, akawapa maji, akamuuliza Bibi ametokea wapi.

"Kwamwantum," Bibi akasema.

Johari aliweka mkasi chini. Hakuwahi kusikia kwamba kuna mahali panaitwa hivyo. Melkiori akamweleza habari za kisima na fomu na ofisa, na Johari akawa anatikisa kichwa, machozi yanamlenga, anasema laiti mama angejua. Mwantum alikuwa dada yake, ila hakumkuta. Alisimuliwa tu. Mama aliingia mjini na mtoto mgongoni, anaongea naye, anamwambia tumefika. Wanawake walipompokea mbeleko ndipo walipoona mtoto amekwisha, tena kitambo. Akazikwa hapo mjini, na kaburi lenyewe siku hizi liko chini ya nyumba za watu.

Bibi Anastazia alishika ukingo wa mkeka.

"Lakini kilichomuumiza mama mpaka anakufa si hicho tu," Johari akaendelea. Kabla ya kushika njia mama alipita kwa jirani yake, mtu anaitwa Mughwai, wamwekee mtoto japo kijiko cha kitu mdomoni. Akapiga hodi tatu. Mlango umefungwa kwa ndani, hakuna moshi, hakuna sauti. Akajua wamekufa wote, kama wengine walivyokuwa wanajifungia wakafa. Hakuwa na nguvu ya kuvunja mlango awazike, akawaacha. Maisha yake yote alisema amewaacha majirani zake waliwe na fisi, na hasa yule binti aliyekuwa anambeba Mwantum. Kila mwaka mwezi wa Shaabani alisoma hitima ya marehemu wake, na wao akawatia. Mwalimu wa madrasa alimwambia hao si Waislamu. Mama akamwambia aandike tu, Mungu atajua pa kuwaweka.

Akatoa daftari kwenye saraka ya cherehani, akalifungua. Melkiori akasoma kwa sauti: Mselemu. Mwantum binti Mselemu. Mughwai. Mke wa Mughwai. Binti Mughwai.

Alipofika hapo alisita, akamgeukia Bibi, uso umejaa furaha ya mpumbavu. Alisema kumbe basi mlikuwa mmehama, Bibi, mlikuwa mmemfuata mzee Iramba! Johari akatazama huyu, akatazama yule. Na hapo uongo ulikuwa umeshapikwa, umepakuliwa, umewekwa mbele ya Bibi Anastazia. Ilikuwa aitike ndiyo tu. Angerudi kijijini na jina lake na amani yake, na Johari angemkumbatia, na hakuna binadamu aliyebaki hai wa kumbishia.

"Binti Mughwai ni mimi," alisema. "Hatukuwa tumehama. Tulikuwa ndani."

Johari alimtazama bila kuelewa.

"Tulimsikia. Hodi zote tatu tulizisikia. Mama alikuwa anaficha chungu, alidhani ataita tena. Mimi nilitoka nikamwona mgongo. Sikumwita."

Cherehani nyingine ilisikika ikishona nyumba ya pili. Johari aliuliza taratibu, "Uji ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Kiasi gani?"

"Vibuyu viwili vidogo. Kimoja nilikunywa mimi."

Johari aliinuka akaenda uani. Walimsikia anateka maji kwenye pipa, kisha hawakumsikia tena. Melkiori alitaka kuondoka, Bibi akamkazia macho akakaa. Ilipita saa nzima, au zaidi. Johari alirudi amenawa uso, macho mekundu. Hakusema amesamehe. Watu wanaosimulia kwamba walikumbatiana pale wanatunga, hawakukumbatiana. Alimwambia Melkiori alete hiyo fomu, na mahali pa kueleza asili ya jina akaandika mwenyewe, kwa herufi za taratibu, kwamba Mwantum alikuwa mtoto wa Mselemu, mkazi wa kwanza, na alifariki mwaka wa njaa akiwa mgongoni mwa mama yake. Akatia sahihi. Kijiji kinaitwa Kwamwantum mpaka leo kwa sababu ya sahihi ile.

Kisha akachukua daftari, akafungua ukurasa wa majina, akashika kalamu.

"Hitima ni Ijumaa," alisema. "Wewe uko hai. Nikufute?"

Bibi Anastazia alilitazama daftari.

"Usinifute, mwanangu," alisema. "Mama yako aliniweka karibu na Mwantum. Niache hapo hapo."

Johari alikaa na kalamu mkononi, kisha akaifunika. Alimwambia kwamba kama anataka kuja Ijumaa, aje.

Alikuja. Alikaa chumba cha wanawake, mwisho kabisa wa mkeka, rozari ameificha ndani ya khanga, na Johari alipoingia hakumtazama, ila alikaa ubavuni mwake. Kisomo kilipokwisha, mwalimu akaanza kuwarehemu wafu kwa majina. Mselemu. Wanawake wakaitikia amina. Mwantum binti Mselemu. Amina. Mughwai. Mke wa Mughwai. Binti Mughwai.

"Amina," akasema Bibi Anastazia pamoja na wengine.